Nyasi Zinazong'aa Kama Dhahabu

Ndugu msomaji, mapambo ni ya zamani sana. Watu wa kila taifa huvaa shanga, herini, bangili, mikufu na pete. Mapambo mengine hutengenezwa kwa dhahabu na fedha. Mengine hutengenezwa kwa shaba, kioo au plastiki. Lakini yako pia mapambo yanayotengenezwa kwa mimea. Mafundi hutumia mbegu, mabua, nyuzi za majani na maganda ya matunda.

Katika somo hili tutasoma habari za mapambo ya mabua ya nyasi. Mapambo haya yanatoka Brazili, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Brazili ni mbali. Hata hivyo, jambo lililowapata watu wa huko linaweza kumpata mwanakijiji ye yote anayeishi kwa kazi ya mikono.

Swali la darasani

Jioni moja nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Wanafunzi walikuwa akina mama kumi na wanne na wazee wawili. Baada ya somo, akina mama walinionyesha mikeka, vikapu na bangili walizosuka kwa ukindu. Kazi yao ilikuwa nzuri. Nikawauliza ukindu wanaupata wapi.

Bibi mmoja akanijibu: "Mwanangu, zamani nilikuwa nashuka bondeni, nakata ukindu, narudi kabla uji haujapoa. Siku hizi natoka alfajiri, narudi jua la utosini. Na mzigo wenyewe haujai kwapani."

Nikauliza kwa nini imekuwa hivyo. Mama mwingine akasema: "Tumekata sana, Mwalimu. Kila mtu anaona kwamba mikindu haijapata nafuu. Lakini ukisema usubiri, unakuta mwenzako amekwisha kata."

Maneno hayo sikuyasahau. "Ukisema usubiri, unakuta mwenzako amekwisha kata." Hapakuwa na mtu mbaya katika darasa lile. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini kila mmoja alimwogopa mwenzake, na kwa hofu hiyo bonde likawa linakwisha.

Watu wa Brazili tutakaosoma habari zao walipata tatizo hilohilo. Hebu tuone walilitatua namna gani.

Nyasi hizi zinaota wapi?

Upande wa mashariki wa jimbo la Tocantins, katika Brazili, kuna nchi iitwayo Jalapão. Ni nchi ya mchanga, vilima na mbuga pana. Watu ni wachache na miji iko mbali. Katikati ya mbuga hizo kavu yako mabonde yenye maji. Ardhi ya mabonde hayo ni chepechepe karibu mwaka mzima.

Kandokando ya mabonde hayo huota mmea mdogo. Majani yake ni mafupi, nayo hulala chini yakizunguka shina kama ua lililofunguka. Katikati ya majani huchomoza mabua membamba yaliyonyooka. Juu ya kila bua kuna kichwa kidogo cha ua jeupe. Mabua yakikauka huwa na rangi ya dhahabu. Rangi hiyo haipakwi na mtu. Hata baada ya miaka mingi bua huendelea kung'aa.

Wenyeji huuita mmea huu capim dourado, yaani nyasi ya dhahabu. Wataalamu wa mimea wanasema kwamba kwa kweli si nyasi. Ni mmea wa ukoo mwingine, na jina lake la kitaalamu ni Syngonanthus nitens. Lakini sisi tutatumia jina la wenyeji.

Mmea huchanua katika miezi ya Julai na Agosti. Mbegu zake hukomaa mwezi wa Septemba. Tafadhali ikumbuke miezi hiyo, maana habari yote ya somo hili inategemea miezi hiyo mitatu.

Mafundi wake ni nani?

Wa kwanza ni watu wa kabila la Xerente. Wenyewe hujiita Akwẽ. Hawa ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Walikuwako kabla Wareno hawajafika Brazili mwaka 1500. Leo wanaishi karibu na mto Tocantins. Wanajua kusuka na kushona vitu vya mimea, na wanajua mapambo ya mbegu na mabua.

Wa pili ni watu wa vijiji vya Jalapão, kama kijiji cha Mumbuca kilichoko wilaya ya Mateiros. Watu hawa wana asili ya Afrika. Wakati wa biashara ya utumwa, zaidi ya Waafrika milioni 4 walipelekwa Brazili kwa nguvu. Wengi walitoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi. Wengine walitoka Msumbiji, katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Brazili ilikomesha utumwa mwaka 1888.

Watumwa wengi hawakungoja siku hiyo. Walitoroka, wakajenga vijiji vyao mahali pa mbali. Vijiji hivyo viliitwa kilombo. Hili ni neno la Kimbundu, lugha ya Angola, nayo ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Maana yake ni kambi. Hata leo, vijiji vya wajukuu wa watumwa huitwa kwa jina hilo. Katiba ya Brazili ya mwaka 1988 ilikubali haki yao ya kumiliki ardhi wanayokaa.

Wazee wa Mumbuca husimulia kwamba babu zao walitoka jimbo la Bahia wakikimbia ukame. Husimulia pia kwamba mnamo miaka ya 1920 au 1930 Waxerente waliopita katika nchi hiyo waliwafundisha kushona nyasi za dhahabu. Kwanza walitengeneza kofia, vikapu na vyombo vya nyumbani. Mama akamfundisha binti, bibi akamfundisha mjukuu. Mmoja wa walimu wakubwa wa kazi hii alikuwa Guilhermina Ribeiro da Silva, ambaye watu walimwita Dona Miúda. Alifanya kazi ya kuwafundisha wenzake na kuieneza sifa ya kijiji chake mpaka alipofariki mwaka 2010.

Hivyo, ndugu msomaji, herini moja ya nyasi imebeba historia ya watu wawili. Mmoja alikuwa mwenyeji wa nchi. Mwingine aliletwa kwa minyororo. Walikutana, na mmoja akampa mwenzake ujuzi.

Jinsi mapambo yanavyotengenezwa

Fundi anahitaji vitu vitatu: mabua ya nyasi, uzi na sindano.

Uzi hautoki dukani. Unatoka katika mti uitwao buriti. Mti huu ni wa jamii ya minazi na michikichi, nao hupenda mahali penye maji. Wenyeji huupenda kwa sababu kila kitu chake kina kazi. Matunda huliwa na watu na wanyama. Majani huezekea nyumba. Jani changa ambalo bado halijafunguka hutoa nyuzi laini zenye nguvu. Nyuzi hizo ndizo uzi wa fundi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi:

1. Fundi huchagua mabua. Hutenga marefu na mafupi, manene na membamba. Yaliyovunjika huyaweka kando.

2. Huchukua mabua machache na kuyashika pamoja kama fungu dogo.

3. Huanza kulizungusha fungu hilo, kama mtu anayezungusha kata ya kuchukulia mtungi kichwani.

4. Kila anapozungusha, hushona mzunguko mpya na ule wa zamani kwa uzi wa buriti. Mishono huachwa nafasi sawa. Mishono hiyo ndiyo inayofanya nakshi.

5. Bua linapokaribia kwisha, huingiza bua jingine ndani ya fungu. Hivyo mahali pa kuungia hapaonekani.

6. Mwisho hufunga uzi na kukata ncha. Kama ni herini, hutia kulabu ndogo ya kuning'iniza sikioni. Kama ni bangili au pete, huzungusha kwa kipimo cha mkono au kidole.

Bakuli kubwa huchukua siku nyingi. Herini huchukua muda mfupi, lakini inataka macho na subira. Mshono mmoja ukilegea, pambo lote hulegea.

Mapambo haya ni mepesi sana. Mama anaweza kuvaa herini kubwa bila kuumia sikio. Hayashiki kutu. Lakini yasilowekwe majini. Yakilowa yafutwe kwa kitambaa na kuanikwa mahali pakavu.

Biashara ilipokuja

Kwa miaka mingi vitu vya nyasi za dhahabu viliuzwa karibu na nyumbani tu. Katika miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Serikali ya jimbo ilianza kuvitangaza. Watalii wakaanza kufika Jalapão. Maduka ya miji mikubwa yakaanza kuagiza. Watu walipenda hasa herini, bangili na mikufu, kwa kuwa ni vyepesi kubeba na bei yake si kubwa kama ya kikapu.

Familia nyingi zilifaidika. Akina mama ambao hawakuwa na fedha mkononi sasa walipata fedha zao wenyewe. Walinunua vyakula na nguo, wakatengeneza nyumba zao.

Lakini fedha zilileta haraka. Watu waliona kwamba anayewahi kuvuna ndiye anayepata nyasi nyingi. Mmoja akavuna mwanzoni mwa Septemba. Mwingine, ili asipitwe, akavuna Agosti. Mwingine akavuna Julai. Watu wa nje nao wakaja kununua mabua mabichi na kuyachukua kwa magari kwenda majimbo mengine.

Je, kuvuna mapema kuna ubaya gani? Ubaya ni mkubwa, na uko wa aina mbili.

Kwanza, mwezi wa Julai na Agosti bua bado limeshika sana. Ukilivuta, unang'oa mmea mzima pamoja na mizizi. Mwezi wa Septemba bua limekauka. Ukilivuta kwa upole linatoka peke yake, na mmea unabaki ardhini. Mwakani utatoa bua jingine.

Pili, mbegu zimo ndani ya kichwa cha ua. Kabla ya Septemba mbegu hazijakomaa. Ukichukua ua wakati huo umechukua mtoto kabla hajazaliwa. Hakuna kitakachoota.

Kwa hiyo aliyevuna mapema alipoteza mara mbili. Aliua mama, na aliua watoto. Tena bua lenyewe lilikuwa halijaiva rangi, wala haling'ai vizuri.

Tarehe 20 Septemba

Mafundi waliona hatari hiyo. Wazee walisema: "Tukiendelea hivi wajukuu wetu wataona nyasi hizi katika picha tu." Vijiji viliunda vyama vya mafundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mimea walikuja kufanya uchunguzi pamoja nao. Walipima sehemu zilizovunwa mapema, sehemu zilizovunwa kwa wakati, na sehemu ambazo hazikuvunwa kabisa. Waliona kwamba nyasi zikivunwa baada ya mbegu kukomaa, mimea haipungui.

Wazee walikuwa wamelijua jambo hilo kwa macho. Wataalamu wakalithibitisha kwa hesabu. Elimu ya pande mbili ikawa kitu kimoja.

Kisha serikali ya jimbo ikaweka kanuni. Kanuni ya mwaka 2007 inasema mambo manne makubwa:

1. Nyasi zivunwe kuanzia tarehe 20 Septemba mpaka tarehe 30 Novemba. Siku nyingine hairuhusiwi.

2. Mvunaji akate vichwa vya maua na kuvitawanya palepale bondeni, ili mbegu zirudi ardhini.

3. Mvunaji awe na kibali.

4. Mabua mabichi yasitolewe nje ya eneo lile. Kinachotoka kiwe kitu kilichokwisha kutengenezwa.

Anayevunja kanuni hunyang'anywa nyasi na kutozwa faini.

Tazama vizuri kanuni ya kwanza. Kanuni hii inajibu swali la yule mama wa darasani. Kila mtu anaanza kuvuna siku moja. Anayesubiri hapotezi, kwa sababu mwenzake naye anasubiri. Hofu inaondoka. Katika mwezi wa Septemba watu wa Mumbuca hufanya sikukuu ya mavuno. Wanaimba, wanacheza, kisha wanaingia bondeni pamoja.

Tazama pia kanuni ya pili. Kukata maua ni kazi ya dakika chache. Lakini dakika hizo ndizo shamba la mwakani. Mvunaji ni mpandaji pia.

Kanuni haikumaliza matatizo yote. Bado wako watu wanaovuna kwa wizi kabla ya tarehe. Jalapão ni nchi kubwa na walinzi ni wachache. Kanuni inashika hasa pale ambapo wanakijiji wenyewe wanailinda.

Mti wa uzi nao ulindwe

Mtu anaweza kulinda nyasi akasahau uzi. Bila uzi wa buriti hakuna herini. Jani changa hutoka katika moyo wa mti. Ukikata majani yote machanga, mti unakosa nguvu. Ukirudia kukata kila mara, mti unaweza kufa. Kwa hiyo fundi mwangalifu hachukui jani changa kutoka mti mmoja tu kila siku. Huzunguka, leo mti huu, siku nyingine mti ule, na kila mti huuachia muda wa kutoa majani mengine. Tena hauangushi mti ili apate jani.

Akina mama wa mikindu wataelewa maneno haya upesi kuliko watu wengine.

Moto ni rafiki au adui?

Jambo la moto lilileta ugomvi mkubwa katika Jalapão.

Tangu zamani wenyeji walikuwa wakichoma mabonde ya nyasi za dhahabu kwa mpango. Hawakuchoma kila mwaka. Waliacha ipite miaka miwili au zaidi. Majani ya mmea huu yako chini kabisa, kwenye ardhi yenye maji, kwa hiyo moto mwepesi hauuui. Moto huondoa nyasi nyingine zilizousonga, na baadaye mmea huchanua kwa wingi.

Mwaka 2001 serikali ya jimbo ilifanya sehemu ya Jalapão kuwa hifadhi yenye zaidi ya hekta 150,000. Wakuu wa hifadhi waliogopa moto, wakaukataza. Wenyeji wakaitwa waharibifu. Lakini nyasi kavu zilirundikana mwaka hadi mwaka. Mwisho wa kiangazi moto ukiwaka kwa bahati mbaya, ulikuwa mkubwa mno. Uliunguza mabonde, misitu ya kandokando ya mito, na hata miti ya buriti.

Kuanzia mwaka 2014 hifadhi za sehemu hiyo zilianza njia nyingine. Wataalamu waliwasikiliza wazee. Sasa sehemu ndogo huchomwa mapema, wakati ardhi bado ina unyevu, kwa tarehe iliyopangwa na kwa watu waliofundishwa. Mwaka 2024 Brazili ilipitisha sheria ya nchi nzima kuhusu mpango wa namna hiyo.

Ndugu msomaji, usisome sehemu hii ukaenda kuwasha moto bondeni kwenu. Kila mmea una tabia yake. Moto unaoufaa mmea wa Jalapão unaweza kuua mimea ya kwetu. Mafunzo hapa ni haya: anayetaka kulinda bonde awaulize kwanza watu wanaoishi kwa bonde hilo.

Nani anapata faida?

Sasa tufanye hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano tu, ili tujifunze.

Tuseme fundi amevuna fungu la mabua. Akiliuza bichi anapata shilingi 5,000. Siku hiyohiyo amekwisha.

Akilishona mwenyewe anapata jozi 10 za herini. Kila jozi anaiuza shilingi 3,000.

Mapato: 10 x 3,000 = shilingi 30,000.
Uzi na kulabu: shilingi 4,000.
Kinachobaki: 30,000 – 4,000 = shilingi 26,000.

Tofauti na kuuza mabua: 26,000 – 5,000 = shilingi 21,000.

Tuseme kushona kulichukua siku 4. Basi kila siku ya kushona imemletea 21,000 ÷ 4 = shilingi 5,250.

Sasa tazama tena kanuni ya nne ya Jalapão. Mabua mabichi yakitoka, shilingi 21,000 zinatoka pamoja nayo. Mtu wa mbali anashona, naye ndiye anayepata. Tena mtu wa mbali hajali bonde limebaki na nini. Akikosa nyasi mwaka huu atanunua kitu kingine.

Hesabu hii inatuonyesha jambo jingine. Fundi asiyehesabu siku zake hajui kama anauza au anagawa bure. Mchuuzi akimwambia "nipe kwa shilingi 1,000", yeye atakubali kwa sababu mabua hakuyanunua. Lakini siku zake nne ni mali. Yeye anayejua kuandika na kuhesabu aweke daftari. Aandike tarehe, idadi ya vitu, gharama, bei na siku za kazi.

Mafundi wa Jalapão walipata msaada mwingine mwaka 2011. Ofisi ya Brazili inayoandikisha haki za bidhaa iliandikisha jina la eneo lao kwa ajili ya vitu vya nyasi za dhahabu. Maana yake ni kwamba mtu wa mahali pengine hana ruhusa ya kutengeneza kitu chake na kukiuza kwa jina la Jalapão. Jina jema nalo ni mali, na mali hulindwa.

Mimea mingine ya mapambo

Nyasi za dhahabu si mmea peke yake unaofanya kazi hii. Katika misitu ya Ekwado, Kolombia na Panama kuna mti wa jamii ya minazi utoao mbegu iitwayo tagua. Mbegu hii ikikauka huwa nyeupe na ngumu kama pembe ya ndovu. Zamani, kabla plastiki haijaenea, ilipelekwa kwa wingi Ulaya na Marekani kufanyia vifungo vya nguo. Plastiki ilipokuja biashara hiyo ilianguka.

Leo tagua hukatwa na kung'arishwa kuwa shanga, pete na herini. Watu wa makabila ya Wounaan na Emberá huko Panama huichonga sanamu ndogo za ndege na wanyama. Biashara ya pembe za ndovu kati ya mataifa ilikatazwa mwaka 1989. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua pembe hizo zilitoka wapi na zilitugharimu nini. Mbegu ya tagua huokotwa matunda yakiisha kuanguka. Mti haukatwi, wala mnyama hauawi.

Hapa lazima tutoe onyo. Si kila mbegu nzuri inafaa kuvaliwa. Ziko mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo pwani huitwa macho ya tipitipi. Mmea wake ni mturituri. Mbegu hizi huvutia sana, na watu wengine huzitunga kama shanga. Lakini ndani zina sumu kali. Mtoto akiitafuna mbegu moja anaweza kufa. Hata kuitoboa kuna hatari. Usimvishe mtoto mbegu hizo, wala usiziuze. Mtu akizimeza apelekwe hospitali mara moja.

Sisi tujifunze nini?

Niliporudi katika darasa lile la mikindu niliwasomea habari za Jalapão. Walisikiliza kimya. Nilipofika kwenye tarehe 20 Septemba, yule bibi aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "hao watu wamefunga mlango wa bonde kwa tarehe."

"Ndiyo, bibi."

"Na funguo wanazo wenyewe?"

"Wanazo pamoja na serikali."

Akageuka kuwatazama wenzake. "Sisi mlango wetu hauna hata komeo," alisema.

Jioni hiyo hawakusoma tena. Walizungumza. Waligawa bonde vipande vitatu, wakakubaliana kipande kimoja kipumzike. Waliandika majina yao katika karatasi, kila mmoja kwa mkono wake. Wawili walitaka kipande chao kiachwe nje, na majadiliano yakawa marefu mpaka taa ikapungua mafuta. Mwisho nao wakaandika. Karatasi ile ilipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Sijui kama mikindu yote itarudi. Mti hauna haraka. Lakini karatasi ile ilikuwa na majina kumi na sita, na miaka miwili kabla ya hapo wengi wao wasingeweza kuyaandika.

MANENO YA KUJIFUNZA

bua – kijiti chembamba cha mmea kinachobeba ua au mbegu
chepechepe – yenye maji mengi
kata – kitambaa au majani yaliyozungushwa, huwekwa kichwani chini ya mzigo
kibali – ruhusa iliyoandikwa
komeo – kipande cha mti au chuma cha kufungia mlango
kulabu – chuma kidogo kilichopindwa
mwenyeji wa asili – mtu wa taifa lililokuwako tangu mwanzo katika nchi
nakshi – mapambo ya mistari na maumbo juu ya kitu

MASWALI

1. Mbegu za nyasi za dhahabu hukomaa mwezi gani?
2. Taja hasara mbili za kuvuna nyasi mapema.
3. Kwa nini mvunaji hukata vichwa vya maua na kuviacha bondeni?
4. Uzi wa kushonea hutoka wapi? Mti wake ulindwe namna gani?
5. Fundi amepata jozi 12 za herini. Anauza kila jozi shilingi 3,000. Gharama zake ni shilingi 6,000. Amebaki na shilingi ngapi? Kama alifanya kazi siku 5, amepata shilingi ngapi kwa siku?

MAZUNGUMZO YA DARASA

Taja mmea mmoja ambao watu wa kijiji chako huutumia kwa kazi za mikono. Je, unapungua au unaongezeka? Unakomaa mwezi gani? Ni nani anayejua vizuri tabia zake? Mwaliko wa kwanza wa kuzungumza apewe huyo.